Siku Arobaini za Kazi

Ipo nchi moja, wala msiniulize iko upande gani, maana nikiwaonyesha kwa kidole, kidole chenyewe kitakatwa. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, ina wizara thelathini na nane, na mvua hunyesha inapojisikia. Serikali yake inawapenda wananchi kupita kiasi. Inawapenda hadi hawapati pa kupumulia.

Katika nchi hiyo, mtaa wa Kisimani, aliishi Bi Mashavu binti Ngatiche, bibi wa miaka sabini na mmoja ambaye Mungu alimpa kila kitu akamnyima utulivu. Akikaa, mguu unatikisika. Akijilaza mchana, anaamka kabla hajasinzia. Wanawe walimnunulia kochi zuri la kupumzikia, na mpaka leo kochi lile bado lina nailoni yake ya dukani.

Kazi yake ilikuwa kukanda wazazi. Mwanamke akijifungua pale Kisimani, naye hana mama wala mkwe wa kumlea, kesho yake asubuhi husikia hodi mlangoni. Ni Bi Mashavu huyo, kabeba sufuria, taulo na mkaja wa kufungia tumbo. Atamkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, atamnywesha uji wa pilipili manga, atamwogesha mtoto, atamtuma mume sokoni kabla mume hajamaliza kusema kwamba anachelewa kazini. Hivyo hivyo siku arobaini. Ya arobaini na moja utamkuta kwa mzazi mwingine.

Alianza zamani, kwa sababu mtoto wake wa kwanza alimzalia ugenini, hana ndugu. Siku tatu alilia peke yake chumbani, mpaka jirani mmoja, hata jina hakulijua, akausukuma mlango akaingia. Bi Mashavu hakuwahi kulipa deni la jirani yule, kwa hiyo aliwalipa wengine wote.

Sasa, rais wa nchi hiyo alikwenda safari ya nje, maana ndiyo kazi ya rais. Huko alikokwenda aliona wazee waliovaa vizibao vya njano wakimwagilia maua uwanja wa ndege, huku wanacheka. Akauliza hawa ni nani. Akajibiwa kwamba ni wazee wanaojitolea kwa jamii yao. Rais alipanda ndege hana raha.

"Na sisi wetu wako wapi?" aliwauliza mawaziri wake, angani.

Mawaziri wakatazamana. Katika makabati yote ya serikali hapakuwa na mzee hata mmoja anayejitolea. Walikuwapo wazee waliokuwa wakikesha na wagonjwa, wakichimba makaburi, wakipatanisha wanandoa, wakilea wajukuu wa watu baki, lakini hakuna aliyejaza fomu, na kwa mujibu wa sheria za nchi ile, jambo lisilo na fomu halijatokea.

Haikupita wiki ikaundwa Wizara ya Kujitolea, Uzee na Maua. Maua yaliingizwa kwa tahadhari, kwa kuwa rais aliyataja. Uwaziri akapewa Mheshimiwa Gervas Mtutumo, ambaye hapo kabla alikuwa Waziri wa Madaraja, mpaka madaraja yalipoisha.

Mheshimiwa Mtutumo alikuja mwenyewe Kisimani kuzindua. Akapanda jukwaani, akajifuta jasho, akanguruma:

"Ndugu wazee! Serikali yenu sikivu imewafungulia fursa. Nasema fursa! Kuanzia leo kila mzee ana uhuru kamili wa kujitolea, mahali atakapopangiwa, kwa namna atakayoelekezwa, baada ya kuruhusiwa. Na ili tuanze vizuri, mzee yeyote ambaye sasa hivi anamsaidia mtu, aache mara moja. Hatuwezi kuanzisha jambo ambalo tayari linaendelea!"

Makofi yakapigwa. Hata Bi Mashavu alipiga, kwa sababu mikono yake haikuwa na kazi wakati ule.

*

Siku ya pili yake Sikudhani akajifungua.

Sikudhani alikuwa mpangaji wa chumba cha uani, nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Mashavu. Binti wa miaka ishirini, yatima, aliyelelewa na shangazi ambaye naye alikwisha kutangulia. Mumewe alikuwa utingo wa lori, na lori lenyewe lilikuwa limesimama mpakani wiki ya tatu likisubiri mhuri. Alijifungua zahanati, akashonwa, akapewa kitoto cha kike na vidonge, akarudishwa nyumbani siku hiyo hiyo, kwa sababu zahanati ya Kisimani ina vitanda vinne na nesi mmoja.

Bi Mashavu alichemsha maji, akashika njia. Mlangoni kwa Sikudhani akamkuta mjumbe wa mtaa, Bwana Fidelisi, amesimama na tangazo lenye mhuri.

"Shikamoo, Bi Mashavu."

"Marahaba. Nipishe, maji yana moto haya."

"Bibi, siwezi. Huna kibali."

"Kibali cha nini?"

Fidelisi akalisoma tangazo. Mzee atakayetoa huduma, msaada, au faraja bila kusajiliwa atakuwa ametenda kosa la Kusaidia Kiholela.

"We Fidelisi! Mkeo nimemkanda mara tatu! Hao watoto wako wote mikono hii ndiyo iliyowaogesha!"

"Najua, bibi. Tena nakushukuru. Lakini nikikuruhusu, wananitoa kwenye ujumbe."

Bi Mashavu akaenda dirishani. Ndani, Sikudhani alikuwa amelala kageukia ukutani. Kitoto kililia kwa sauti nyembamba ya kitoto ambacho hakijashiba, kisha kikanyamaza, kisha kikaanza tena. Sikudhani akageuza shingo. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Bibi, unaingia?"

"Naingia, mwanangu," alisema Bi Mashavu. "Ngoja nikajaze karatasi yao nirudi."

Alikwenda ofisini kwa Wizara mbio mbio, na ile sufuria bado ameikumbatia.

*

Ofisini alimkuta Bwana Kilatu, karani mwenye upara, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni: moja ya kuandikia na moja ya kukatia. Alimkaribisha kiti. Bi Mashavu akakaa, akainuka, akakaa, akainuka.

Fomu ilikuwa na kurasa ishirini na mbili. Iliuliza ana uzoefu wa miaka mingapi katika kuwa mzee. Iliuliza kama amewahi kujitolea nje ya nchi, na kama hapana, kwa nini. Ukurasa wa tisa ulitaka saini ya baba na mama.

"Wazazi wangu walikwisha kufa, mwanangu."

"Wote wawili?" Bwana Kilatu alisikitika kwa dhati. "Pole sana. Basi tutahitaji barua yao ya kuthibitisha hivyo."

Kumbe fomu ile ilinakiliwa kutoka ile ya wanafunzi wanaokwenda safari ya mbuga za wanyama. Ndiyo maana ukurasa wa kumi ulimtaka aahidi kwamba hatamchokoza tembo. Bi Mashavu akaahidi. Angeahidi hata kuolewa na huyo tembo, ilimradi amalize.

"Haya, nimemaliza. Nipe kibali niende, mzazi ananingoja."

"Kibali hutoka baada ya siku arobaini, bibi."

"Arobaini! Si ndizo siku zenyewe za kumlea mzazi? Zikiisha niende kumkanda nani?"

Bwana Kilatu akatabasamu, kwa kuwa swali hilo alilitarajia. "Wizara imeliona hilo. Hizi za kwetu ni siku arobaini za kazi. Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi. Na ili kutomdhulumu mzazi, arobaini yake nayo imefanywa ya kazi. Jumamosi na Jumapili, kiserikali, mama yule hajajifungua."

"Na mtoto?"

"Mtoto yuko likizo."

Bi Mashavu alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania hata kidogo.

"Na hicho kibali kikitoka, mtanipeleka kwa Sikudhani?"

Karani akafungua jedwali, akashuka na kidole. "Ngatiche, Ngatiche... La. Wewe mtambo wetu wa kompyuta umekupangia kuhesabu nguzo za umeme. Lakini usihofu, huyo mzazi hatukumtupa. Amekwisha kupangiwa mjitoleaji mzoefu. Anaanza leo."

*

Mjitoleaji mzoefu alikuwa Mzee Kondo, miaka sabini na sita, mpiga tarumbeta mstaafu wa bendi ya polisi. Alisajiliwa bila kuulizwa, ili daftari lisikae tupu. Mtambo uliona kwenye faili lake maneno "uzoefu wa kuamsha watu alfajiri", ukaona huyu atafaa kwa mama mwenye kitoto.

Bi Mashavu alimkuta amekaa kizingitini, ndani ya kizibao cha njano kinachombana, tarumbeta mapajani, uso umejaa aibu.

"Kaka, wewe ndiwe utakayemkanda?"

"Dada, usinitukane. Mimi mwanamume mzima niingie chumbani kwa mzazi? Nikafanye nini? Nimpigie wimbo wa taifa?"

"Sasa unafanya nini hapa?"

"Najitolea."

Akamwonyesha karatasi yake ya ripoti ya kila siku. Penye "Hali ya mhudumiwa" alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri wa kiaskari: "Anasikika."

Zikaanza siku mbaya. Bi Mashavu aliwekewa mpaka: asikaribie mlango ule hatua kumi. Basi alitembea ng'ambo ya hatua kumi, kutoka kwa muuza mkaa mpaka bombani, bombani mpaka kwa muuza mkaa, tangu asubuhi hadi magharibi. Watu walimpisha kama wanavyopisha mbuzi aliyekata kamba. Alisuka ukili wa mkeka, akaufumua. Aliosha vyombo vilivyo safi. Wanawe walimpigia simu wakamwambia, mama, si ukae kwenye kochi.

Akijaribu kupaza sauti kutoka mbali, "Sikudhani, mwanangu, mlaze upande wa kushoto, jaribu ziwa jingine!", Fidelisi humjia juu.

"Bibi, huo ni msaada wa mdomo! Umo kwenye kifungu cha tisa!"

"Basi naongea na muuza mkaa!"

"Muuza mkaa hanyonyeshi!"

Majirani wanawake wangeingia, lakini wale vijana walikuwa kazini na wale wazee walikuwa wamejaza fomu wanasubiri. Mmoja aliyepeleka bakuli la uji alipewa onyo la maandishi, na uji ukachukuliwa kuwa kielelezo. Wizara ikautunza mpaka ukaota ukungu.

Siku ya sita Sikudhani hakujibu alipoitwa. Mzee Kondo aliinuka kizingitini, akachungulia dirishani, akarudi amebadilika rangi.

"Dada, binti anatetemeka. Ana homa yule."

"Kimbia kamwite nesi! Kibali chako kinaruhusu?"

"Hakisemi kitu kuhusu kukimbia," alisema Mzee Kondo, na akakimbia kadiri magoti yake yalivyoweza.

Nesi alikuja, akampima, akamchoma sindano, akaacha dawa. Alipotoka alisimama na Bi Mashavu pale kwenye hatua ya kumi. Hakumficha.

"Kidonda nimekisafisha. Lakini hali chakula, bibi, na maji hanywi. Maziwa hayajashuka. Dawa pekee haitoshi. Anahitaji mtu ndani mle, saa zote. Mimi nina wagonjwa kumi na saba wananingoja. Akikaa hivi wiki moja tena, siwezi kukuahidi kitu, yeye wala mtoto."

Nesi akaondoka zake. Bi Mashavu akaanza tena kutembea, sasa hata hajui anakwenda wapi. Alikuwa na hasira mpaka masikio yanamwaka. Ngoja ngoja huumiza matumbo, ndiyo, lakini huyu amekwisha kuumia na kushonwa, atangoja nini?

Mzee Kondo akamfuata taratibu, anahema. Alitaka kumliwaza, na kwa kuwa hakuwa mjuzi wa kuliwaza, akapiga porojo.

"Dunia hii, dada. Jirani yangu Chande kaiba jogoo Jumatatu. Jumanne kafikishwa kwa hakimu, kapewa kifungo cha nje. Jumatano asubuhi yuko zahanati anafagia wodi na kuwalisha wagonjwa uji. Na hajui kusoma wala kuandika!"

Bi Mashavu akasimama. Nawaambieni, mtaa mzima ulishangaa kumwona amesimama.

"Hakujaza fomu?"

"Mwizi atajazaje fomu, dada? Si anaadhibiwa!"

"Wala hakusubiri?"

"Adhabu haisubiri kibali. Ni kazi tu."

Bi Mashavu alirudi kwake. Aliwasha jiko, akateka maji, akapiga sufuria mfuniko. Maji yalipochemka alijitanda kanga, akabeba sufuria kichwani, akapita hatua ya kumi, ya tisa, ya nane.

"Bibi, unavunja sheria!" Fidelisi alilia kama anayefiwa.

"Sema kwa nguvu, wasikie. Nitahitaji mashahidi."

Akampiga kikumbo, akaingia, akafunga mlango.

Chumba kilinuka jasho na nepi. Sikudhani alimtazama tu, machozi yakamtoka bila sauti. Bi Mashavu alimwinua, akamnywesha kikombe cha uji kijiko kwa kijiko, akimkatalia kulala kabla hajamaliza. Alichovya taulo, akalikamua, akaanza kumkanda mgongo, kiuno, kisha mabega pale yanapokaza mtu anapoogopa. Sikudhani akalia sasa kwa sauti.

"Nilidhani hutakuja tena."

"Na mimi nilidhani hivyo. Nilikuwa mjinga, nilifuata sheria."

Alipomfunga mkaja na kukilaza kitoto kifuani kwa mama yake, alitoka nje akijifuta mikono.

"Haya, Fidelisi. Nipeleke."

Fidelisi akawa anababaika, anatazama chini, anasema labda tusameheane, bibi, hakuna aliyeona. Ikabidi Bi Mashavu amkamate yeye mkono, amburute mpaka kituo cha polisi akajishtakie mwenyewe.

*

Hakimu alikuwa mwanamke mmoja mnene, Restituta Mbelwa, asiyependa kucheleweshwa chakula cha mchana.

"Mshitakiwa, unashitakiwa kwa kumsaidia mzazi kwa makusudi, kwa kutumia maji ya moto na taulo. Ni kweli?"

"Kweli, Mheshimiwa Hakimu. Na uji."

"Na uji?" Hakimu akamtazama mwendesha mashitaka. "Uji haumo kwenye hati."

"Uongezwe," alisema Bi Mashavu. "Tena ulikuwa na pilipili manga."

"Unajutia?"

"Najutia siku sita nilizochelewa. Ukiniachia sasa hivi narudia, na kesho narudia, na Jumapili."

Hakimu akafungua kitabu cha sheria, akasoma kimya, akavua miwani, akaivaa tena. Sheria ilisema wazi: mhalifu mzee asifungwe gerezani, apewe kazi anayoijua, karibu na mahali alipotenda kosa, na aianze siku ile ile.

"Kuna kazi unayoijua, bibi?"

"Kukanda wazazi tu, mama. Sijui nyingine."

Hakimu Restituta akainamisha uso kwenye kitabu muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Alipouinua, ulikuwa mkali.

"Mahakama hii inakuadhibu vikali, iwe fundisho kwa wazee wengine. Utamkanda na kumlea Sikudhani siku arobaini, asubuhi na jioni, bila malipo."

"Siku za kazi, Mheshimiwa?" aliuliza mwendesha mashitaka.

"Tangu lini mhalifu akapumzika Jumapili? Siku za Mungu, mfululizo!"

"Mungu akuzidishie, mwanangu."

"Usinishukuru, bibi. Nakuadhibu."

"Adhibu, mama. Adhibu."

Akapewa mlinzi ili asitoroke adhabu: Koplo Tabu, askari mwanamke mwenye bunduki na sauti nzito. Siku ya kwanza Koplo alisimama mlangoni kwa ukakamavu. Ya pili aliweka bunduki pembeni akapasua kuni. Ya nne alikuwa anaonja uji na kusema umepungua tangawizi. Kitoto kilimzoea hata kikawa hakilali mpaka kishike kifungo cha sare yake.

Na Bi Mashavu? Alikuwa anatoka jasho, anakimbia huku na huko, anagomba, anaimba. Alikuwa na furaha isiyo na aibu. Homa ilishuka. Siku ya tisa maziwa yalikuja, kidogo kama machozi, kisha zaidi.

*

Habari haina miguu lakini hufika. Asubuhi ya Jumatatu iliyofuata mlangoni mwa mahakama palikuwa na foleni ya wazee, wamekuja na chupa zao za chai. Mwalimu mstaafu alikiri kwamba amewafundisha watoto watatu kusoma, barazani, mchana kweupe. Fundi seremala wa zamani alikiri kutengeneza dawati la shule. Bibi mmoja hakuwa na kosa lolote, akalia, akaomba asaidiwe kupata moja. Mzee Kondo alivua kizibao cha njano, akakiri kwamba alikimbia kumwita nesi. Akahukumiwa kufundisha bendi ya shule miezi mitatu, akapiga saluti.

Ndani ya siku nane Kisimani palikuwa na wazee wahalifu mia sita na kumi na nne. Wodi ilifagiwa, watoto walisomeshwa, wagonjwa walilishwa, makaburi yalifyekwa. Na pale Wizara ya Kujitolea, Uzee na Maua, bado hapakuwa na mzee hata mmoja aliyekwisha kupata kibali, ukimtoa Mzee Kondo, naye ndiye huyo, kafungwa.

Magazeti yakapiga kelele: WAZEE WAOZA KWA UHALIFU. Rais alisoma akiwa safarini, akakasirika kwa simu. Mheshimiwa Mtutumo hakulala. Akatafuta njia ya kuondoa wahalifu mia sita bila kuongeza kibali hata kimoja, akaipata, akashangazwa na akili yake mwenyewe.

Siku ya kumi na tatu ya adhabu, Bi Mashavu alikuwa uani anachochea moto chini ya sufuria, akasikia ngoma na ving'ora. Sikudhani alikuwa ameketi kitandani. Alikuwa anaweza kukaa sasa, ila akisimama kizunguzungu kilimrudisha, na kidonda bado kilimuuma akigeuka.

"Bibi, ni nini?"

"Watu wakubwa. Usiogope, maji yako yanachemka."

Waziri aliingia uani na wapiga picha sita, Bwana Kilatu nyuma yake amebeba mto wa hariri, na juu ya mto waraka mnene wenye utepe wa dhahabu. Fidelisi alikimbia kuleta kiti. Mheshimiwa hakuketi. Akajifuta jasho.

"Ndugu wananchi! Leo ni siku ya huruma. Mheshimiwa Rais, kwa moyo wake wa baba, amewasamehe wazee wote wahalifu wa nchi hii! Mko huru! Kuanzia dakika hii hakuna mzee atakayeteswa kwa adhabu ya kumsaidia mtu: akikutwa anasaidia bila kibali, hatashitakiwa, atarudishwa tu nyumbani kwake kwa upole! Rudini nyumbani mkapumzike. Na ambaye moyo wake bado unamsukuma kusaidia, milango iko wazi, fomu zipo, siku arobaini tu."

Akaendelea. Alieleza historia ya msamaha tangu enzi za manabii. Alieleza maua. Wakati huo wote hapakuwa na ruhusa ya kusogea, kwa kuwa wimbo wa taifa ulikuwa unakaribia, na kuni zilikuwa zimekwisha kuwa majivu. Bi Mashavu alitia kidole ndani ya sufuria. Maji yalikuwa vuguvugu, yanapoa.

Ndani, kitoto kikaanza kulia. Bi Mashavu alimwona Sikudhani kwa dirisha: ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, macho yake yamemkazia yeye, na uso ule wa siku ya sita umeanza kumrudia.

Waziri alimaliza. Akachukua waraka kutoka kwenye mto, akamkabidhi Bi Mashavu kwa mikono miwili, akageukia kamera.

"Bibi, umesamehewa. Una neno?"

Bi Mashavu aliupokea waraka, akaupima kwa mkono. Ulikuwa mzito, kurasa sitini hivi, karatasi kavu, nzuri, ya nje.

"Koplo Tabu," aliita, "hebu nijulishe, mwanangu. Mtu akichoma waraka wa Rais, ni kosa?"

"Kosa, bibi!" Koplo alishtuka. "Kosa kubwa mno hilo!"

"Kwa mzee wa umri wangu, kifungo cha nje?"

Koplo Tabu akamtazama waziri, akatazama dirisha. Kisha akasimama wima.

"Siku sitini, bibi. Hazipungui."

"Sitini!"

Bi Mashavu akapiga magoti mbele ya jiko. Akaung'oa utepe, akaufungua waraka katikati ili upate hewa, akausukuma wote chini ya sufuria, akapuliza. Ukashika mara moja. Wapiga picha walipiga picha kabla hawajajua wanapiga nini. Bwana Kilatu alibaki na mto mtupu, waziri akabaki na mkono uliokunjuliwa, na mdomo wazi.

"Toa daftari lako, Koplo," alisema Bi Mashavu, bila kugeuka, kidole chake kikiwa ndani ya maji. "Andika upesi, mwanangu. Yanakaribia kupata moto."